Kigelegele cha Kila Harusi

Prodyuza hakuwahi kumsikiliza mtu. Alikuwa anarekodi tu. Ungemweleza kwamba mtoto wako anaumwa, naye angeinamisha kichwa upande mmoja, macho kwenye koo lako, mpaka ukadhani umempata mtu wa kukuhurumia. Ukimaliza, badala ya kukupa pole, angesema, "Hebu rudia pale kwenye 'homa'. Hapo sauti imekwaruza vizuri."

Alizaliwa wapi na kwa watu gani, sijui, na sijawahi kujisumbua kuuliza. Nilimkuta Nkuhungu, hapa Dodoma, katika ua wa vyumba vya kupanga nilikohamia nikiwa mwanafunzi, yeye akiwa ameshikilia chumba cha mbele kinachotazama barabara na kukiita studio. Kila mtu alimwita Prodyuza, hata mkewe. Nimemfahamu kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimemdharau. Nalisema mapema ili mtu asije akasoma hadi katikati akitegemea sifa.

Chanzo cha dharau yangu ni kitu kifupi, hakizidi pumzi moja. Ni kigelegele cha mama yangu. Alikipiga siku ya mahafali yangu, katika ua ule ule wa Nkuhungu, na Prodyuza akakinasa. Tangu hapo amekipachika kwenye nyimbo za harusi, kwenye nyimbo za kampeni, kwenye matangazo ya magodoro na ya unga wa sembe. Kama umewahi kuingia ukumbi wowote wa Dodoma siku ya Jumamosi, basi umemsikia mama yangu, ila hukujua. Mama sasa ni marehemu. Nilichotaka kwa Prodyuza miaka yote hii ni jambo moja: akitoe kigelegele kile kwenye biashara zake na kunirudishia mwenyewe, kwa sababu kilikuwa changu.

Studio yenyewe ilikuwa kichekesho. Ukutani alibandika trei za mayai, sakafuni akatandaza mabaki ya mazulia ambayo hata mawili hayakufanana rangi, dirishani akaegemeza godoro kuukuu. Feni ilikuwa marufuku, maana feni, alisema, inaimba. Mwezi wa Novemba, jua la Dodoma linapochemsha mabati, mwimbaji aliingia humo amevaa shati na kutoka amelibeba mkononi. Na wakati wa kurekodi ua mzima ulitakiwa kufa. Tusitwange, tusichote maji, mtoto akianza kulia apelekwe barabarani. Jogoo wa mwenye nyumba alichinjwa kwa sababu ya studio ile, na niko tayari kuapa kwamba Prodyuza alimrekodi kwanza.

Mtu huyohuyo aliyetudai kimya hakuweza kunyamaza mwenyewe. Kila wimbo aliotengeneza, uwe wa mapenzi, uwe wa kwaya, uwe wa kumwombolezea mchungaji, ulianza na sauti yake ikivuta jina la studio kama mtu anayepiga miayo. Familia moja ya Mkonze ilimwomba awatengenezee wimbo wa arobaini ya baba yao. Wakati watu wameinamisha vichwa wanasubiri, spika ikatoa mwayo ule, ikafuatiwa na mlio wa kioo kinachovunjika, ndipo wimbo ukaanza. Mjane aliruka kwenye kiti. Prodyuza alipoulizwa kioo kile ni cha nini, alijibu kwamba ndiyo sahihi yake.

Jina la mbunifu wa sauti aliletewa na wanafunzi wa chuo kikuu, kule Chimwaga. Walikuja wawili na daftari zao, wakamuuliza maswali, wakashika kila waya. Mmoja akawa anatikisa kichwa, "Brazza, hii ni levo nyingine kabisa." Kesho yake Prodyuza alikuwa kwenye ngazi na kopo la rangi, anaandika juu ya mlango MBUNIFU WA SAUTI. Herufi zilianza kubwa kwa majivuno, zikamwishia nafasi, ile I ya mwisho ikabidi aiandike kwenye fremu.

Kubuni kwake kulikuwa hivi. Alitaka upepo kwa ajili ya wimbo mmoja. Dodoma, mji ambao upepo wake unaezua nyumba na kukujaza vumbi hadi kwenye meno, yeye akatoka na maiki yake ameivisha soksi, akakaa nje nusu siku, akarudi na kusema upepo wetu hausikiki kama upepo. Akaingia ndani, akatumbukiza uso kwenye ndoo tupu na kupuliza kwa mdomo. Hiyo ndiyo iliyoingia kwenye wimbo. Alipotaka mlio wa kutwanga mtama, aliwaita akina mama wawili wa Kigogo wenye kinu na michi, wakatwanga mpaka jasho likawatiririka, kisha akawaambia inasikika kama mtu anagonga mlango. Akachukua gunia, akalilowesha, akaanza kulipiga chini. Wale akina mama walisimama na michi yao wanamtazama mtu mzima akichapa gunia. Mmoja akaniuliza taratibu, "Huyu ana ndugu kweli?"

Nami kwa kazi yangu ni mtu wa sauti pia, ingawa mlango wangu haujaandikwa kitu. Nasikiliza mikutano iliyorekodiwa na kuiandika neno kwa neno, ofisini, nimevaa hedifoni kuanzia asubuhi. Najua mtu anavyomeza mate kabla ya kusema uongo, na najua ukimkata mtu pumzi katikati ya maneno mawili umembadilishia maana. Ndiyo maana mchezo wa Prodyuza ulinichefua kuliko ulivyowachefua wengine. Alikuwa anaondoa pumzi zote. Mwimbaji akimaliza, yeye aliketi na kompyuta yake anakata kila mahali mtu alipovuta hewa, mpaka binti wa watu anaimba beti tatu kama mtu asiye na mapafu. "Pumzi ni uchafu," aliniambia, bila haya.

Halafu kulikuwa na mvua. Msimu mmoja aliinasa mvua kubwa juu ya bati, na kwa mara ya kwanza akakubali kwamba kitu cha Mungu kinasikika kama chenyewe. Ilipofika Oktoba, mbuzi wanakula makaratasi kwa kukosa majani, akatoa spika zake mbili barabarani kujaribu wimbo mpya, na mvua ile ikaanza kumiminika. Mtaa mzima ulitoka kuanua nguo. Nilimwona mama muuza maandazi akibeba ndoo mbilimbili kuziweka chini ya michirizi, anapiga kelele watoto waamke waje wakinge maji. Jua lilikuwa linawaka kama kawaida. Alipogundua, hakumtukana. Alimwendea tu akasimama mbele yake na ndoo zake tupu. "Mwanangu, hiki ulichotufanyia," akasema, "kaa peke yako ukifikirie." Prodyuza alisubiri aondoke, akageuka kwangu, uso umemchangamka. "Umemsikia alivyosema 'peke yako'? Hii nitaitumia."

Hayo ndiyo maneno aliyoyapenda kuliko yote. Hii nitaitumia. Aliyasema mtu akijikwaa, mtu akigombana na kondakta, mtu akipokea habari mbaya kwenye simu. Ndani ya kompyuta yake kila sauti ilikuwa na jina, na siku moja aliniruhusu niyasome nikiwa nyuma yake. Babu Anakohoa. Mlango wa Duka. Wanafunzi Wanacheka. Mama Analia Mbili. Nikamuuliza, na Mama Analia Moja iko wapi? Akasema, "Nimeifuta. Haikuwa safi."

Majina ya watu wenyewe hakuyajua. Mkewe, mwanamke mpole aliyekuwa anapika chapati kibarazani na kuwauzia waimbaji waliokuwa wanasubiri zamu, aliniambia mambo haya bila uchungu wowote, jambo lililonitia uchungu mimi. "Mlango wangu amerekodi, sufuria zangu amerekodi, hata nikikoroma amerekodi. Lakini kuniita jina langu, dadangu, mpaka nimuugulie." Siku ya msiba wa kaka yake mwanamke huyo, mumewe alikwenda na mashine mfukoni.

Alikuwa na kipaji cha kuwakosea watu wa dini zote kwa usawa. Vijana wa kaswida kutoka Kondoa, watu wa kwetu, walirekodi kwake. Wiki hiyohiyo ikaja kwaya ya kanisa moja la pale mtaani. Nyimbo zilipotoka, mzee wa kwaya aliyekuwa na sikio alitambua kwamba makofi katika wimbo wake siyo ya wanakwaya wake, maana wanakwaya wake hawakupiga makofi. Walimu wa kaswida nao walikuwa wameyatambua makofi yao. Pande zote mbili zilifika studio siku moja, zikakutana mlangoni, zikapeana mkono kwa heshima, zikaingia pamoja kumgombeza. Prodyuza akawasikiliza, nami najua alikuwa anasikiliza nini, kisha akasema, "Wazee wangu, makofi hayana dini." Waliondoka wameungana kuliko walivyowahi kuungana.

Lakini lililonikera zaidi, kabla ya la kwangu, ni la mpiga zeze. Mzee huyo alitoka kijijini na zeze lake amelifunga kwenye shuka, baada ya mtu kumwambia kuna mahali Nkuhungu wanatunza nyimbo za zamani. Prodyuza alimrekodi tangu asubuhi mpaka jioni. Mzee aliimba kila alichokuwa nacho. Kati ya vyote hivyo Prodyuza alichukua mlio wa mzee akikaza nyuzi kabla hajaanza kupiga, akaukata, akaurudiarudia, akaujengea wimbo mzima juu yake. Mzee alirudi kusikiliza. Akakaa wimbo mzima amekunja mikono magotini, anangoja sehemu yake ije. Ulipoisha akauliza, "Nimeanza?"

Na sasa niseme lile nisilolipenda. Wimbo ule ulikuwa mzuri. Zile nyuzi zikipanda polepole, zikikaribia mahali pake bila kufika, zilikuwa zinanishika hapa kifuani, na zaidi ya mara moja nilisimama jikoni na mwiko mkononi mpaka uishe. Nilimchukia kwa hilo. Mtu mwenye roho ya namna ile hakustahili sikio la namna ile, na sijaona aliyewahi kunieleza kwa nini alipewa.

Kwa ajili ya mahafali yangu mama alikuja siku moja kabla, na basi la asubuhi kutoka Kondoa, na jogoo, na unga wa uwele, na khanga mbili mpya alizozikunja kwenye mfuko kwa ajili ya shughuli yenyewe. Kiswahili chake kilikuwa na Kirangi cha kwetu ndani yake, na alipokuwa mjini alikiongea kwa uangalifu, taratibu, kama anayepita mahali penye utelezi. Kigelegele chake ndicho kilichokuwa hakina aibu. Kwetu alikuwa akiitwa kwenye harusi za watu asiowajua vizuri, kwa sababu ya sauti ile tu. Ilianza chini, ikapanda, na pale juu ambapo za wanawake wengine hukatika, ya kwake ilikuwa kama ndiyo kwanza inaamka.

Nilirudi kutoka Chimwaga mchana, kwa miguu tangu kituoni, na joho langu linaburuza vumbi. Ua ulikuwa umejaa. Nilipoingia getini mama alikuwa ameketi na wanawake wengine mbele ya sufuria la pilau, na aliponiona akakipiga. Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza katika nyumba yetu kufika chuo. Mama hakujua kusoma, hakuwa na maneno ya kunipa kuhusu shahada, hakujua hata nilichosomea kinaitwaje. Alinipa kile. Nilisimama pale getini nikalia kwa furaha, watu wakanipiga picha, na picha hizo ninazo mpaka leo.

Mwaka uliofuata nikakisikia redioni, kwenye tangazo la magodoro.

Mwanzoni nilicheka. Nikampigia mama simu kupitia kwa jirani nikamwambia, naye akacheka sana, akataka kujua magodoro ni ya kampuni gani. Kisha ikawa harusi. Kisha ikawa diwani mmoja anayetafuta kura, mtu ambaye mama yangu asingempa hata kikombe cha maji. Nilihamia Mkonze, nikajenga vyumba viwili, nikazaa, na popote niendapo mama yangu alikuwa anamshangilia mtu mwingine. Bibi harusi akiingia ukumbini, mshereheshaji anabonyeza, mama anapiga. Keki inakatwa, mama anapiga. Mashangazi wa bwana harusi wako pale pale, wana midomo yao, wamevaa sare, wamekaa kimya wanakula kuku, kwa sababu spika inawapigia. Nilianza kuzikwepa harusi za wenzangu ofisini. Nilisingizia tumbo.

Mama akafariki. Tulimzika kwetu, kwenye vilima vya Kondoa, mchana. Siku ya pili ya matanga wanawake tulikuwa ndani, wanaume nje kwenye mikeka, baba katikati yao. Gari la matangazo likapita barabara ya chini, pikapu yenye spika nne, inanadi sijui nini, na kigelegele cha mama yangu kikaingia katika nyumba ya msiba wake mwenyewe. Wanawake wote waliinua vichwa. Shangazi yangu akashika mdomo kwa viganja viwili. Kwetu hakuna anayepiga kigelegele penye matanga, hata mwendawazimu hafanyi hivyo. Nilitazama dirishani nikamwona baba anainuka kwenye mkeka. Alikuwa anatafuta viatu vyake. Alivipata, akavaa kimoja, akasimama hivyohivyo na mguu mmoja mtupu, uso ameuelekeza barabarani, mpaka gari likazama bondeni. Kisha akavua kile kiatu, akarudi kukaa.

Niliporudi Dodoma sikupitia nyumbani. Nilishuka kituoni nikaenda moja kwa moja Nkuhungu, nikamkuta na hedifoni masikioni, anakata pumzi za mtu. Nikazichomoa hedifoni mimi mwenyewe.

"Mama amekufa," nikamwambia.

"Pole sana, dada." Alisimama, na kwa haki yake, alionekana ameguswa. Kisha akaharibu. "Lakini mama yako hawezi kufa kabisa. Kila Jumamosi yuko ukumbini."

Nilimwambia kila nilichokuwa nacho. Nilimwambia ni mwizi. Nilimwambia kigelegele kile mama alinipigia mimi, mimi mwanawe, siku moja katika maisha yake yote, na yeye amekifanya kitambaa cha kupangusia meza za watu. Nilimweleza habari za baba na kiatu kimoja. Nikamwambia akifute kwenye nyimbo zote na anipe mwenyewe. Nilikuwa nalia kwa sauti, mkewe akaja mlangoni na mikono ina unga.

Prodyuza aligeukia kompyuta yake, akanigeukia tena. Alifungua mdomo, akaufunga. Mwisho akasema, "Kimeshasambaa, dada. Wamekichukua wote, siyo mimi tu. Hakirudishiki." Hakujitetea zaidi ya hapo wala hakuomba msamaha, akavaa hedifoni zake. Nikajua nilikuwa sahihi siku zote, kwamba ndani ya mtu huyu hamna mtu. Niliondoka, na kwa miaka kadhaa sikumsalimia hata tulipokutana sokoni.

Mwaka huu akanipigia simu. Nilipokea kwa kutojua namba.

"Dada, nyumba imeuzwa, wanavunja wajenge ghorofa. Nafunga studio. Kabla sijang'oa mashine, njoo. Kuna kitu usikie."

Nilimwambia sina muda wa upuuzi wake. Kisha nikaenda, siku ya Jumamosi, mchana, nikiwa nimepanga njiani maneno ya kumwambia, na yalikuwa maneno mazuri. Nilimkuta amekuwa na mvi na miwani ambayo mkono wake mmoja umefungwa kwa waya. Trei za mayai zilikuwa zimebanduliwa, zimerundikwa pembeni, ukuta umebaki na alama za gundi. Chumba kilikuwa kidogo sana. Alinipa hedifoni, nikakataa. Nikamwambia apige kwenye spika, nina masikio yangu.

"Hii ndiyo ile ya mahafali," akasema. "Yote. Sijawahi kuikata."

Kulikuwa na makelele ya sufuria, na visu juu ya vibao, na wanawake wanacheka. Ikaja sauti yake ya ujanani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Na huyo alikuwa yeye. Miaka yote nilikuwa nimemsikia akipiga kigelegele, sikuwa nimemsikia akiongea tangu tumzike. Nilishika ukingo wa meza.

"Mama, naomba nijaribu mashine kwa sauti yako. Kigelegele kidogo tu."

"Cha nini sasa, na mwenyewe hajafika? Si yuko huko Chimwaga na majoho yao?"

"Cha kujaribia tu, mama."

Akapiga kifupi, cha kumridhisha mtoto wa watu. Prodyuza akasema, "Kimefifia kidogo."

"Kimefifia? Mimi?" Wanawake wakaangua kicheko. Mama akawanyamazisha. Kisha akauliza, kwa kile Kiswahili chake cha uangalifu, "Na hiki ukishakitia humo, kinasikika mpaka wapi?"

"Popote, mama. Redioni."

"Mpaka Kondoa?"

"Mpaka Kondoa."

"Mpaka Dar?"

"Dar na mbele ya Dar."

Nilisikia kigoda kikisogezwa.

"Basi lete karibu hicho kidude chako. Na nyie acheni kukata vitunguu, mtaniharibia."

Kisha akakipiga. Ndicho chenyewe, kile cha harusi zote na madiwani wote, hadi pale juu kinapoamka. Kilipoisha alicheka, akavuta pumzi ndefu, akasema, "Haya. Hicho wapelekee."

Prodyuza alizima. Nilimuuliza kile cha getini kiko wapi, kile alichonipigia mimi nilipoingia.

"Sina. Ulipoingia umeme ulikuwa umekatika, na ile mashine ya mfukoni sikuwa nimeinunua bado. Hukumbuki? Soda mlikunywa za moto."

Nilikumbuka. Zilikuwa za moto kabisa, na mwenye nyumba aliomba radhi kwa wageni.

"Kwa nini hukuniambia?"

Alivua miwani akaipangusa kwa shati, taratibu, akichunga ule waya. "Ulikuja hapa unalia, unasema mama alikupigia wewe. Ningekwambia siyo, ningekuwa nimekunyang'anya na hicho. Nikaona bora unitukane."

Sikujua nifanye nini na hasira yangu. Ilikuwa bado ipo, nzima, nimeibeba miaka, na mtu huyu ambaye hakuwahi kunyamaza hata kwenye arobaini ya watu alikuwa ameninyamazia mimi. Sikumshukuru. Bado ni mtu aliyewadanganya watu kwa mvua, na yule mzee wa zeze alikwenda zake bila kusikia wimbo wake. Lakini mama alikuwa amempa kwa hiari, tena kwa majivuno, huku anauliza kitafika wapi, na hilo sikuwa na pa kuliweka.

Kwa hiyo cha getini hakuna aliyekinasa. Hakikukatwa, hakikuuzwa, hakijawahi kuingia ukumbini. Kilikuwa changu peke yangu, kama nilivyokuwa nikidai. Nikafumba macho pale pale kwenye kiti chake ili nikisikie. Niliona geti. Niliona joho langu likiburuza vumbi, nikamwona mama anaweka mwiko chini, ananitazama, uso umemjaa furaha. Akafungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa kile cha magodoro.